Kikundi cha Familia: Filamu ya Jumamosi

Shangazi: Jamani nauliza tena, Jumamosi tunaangalia filamu gani?? Jana niliandika mkasoma mkanyamaza

Shangazi: Sharti langu moja tu, isiwe na matusi. Watoto wamekaa huku mama kakaa kule, likitoka tusi mimi uso nauweka wapi

Baba Mkubwa: Ile niliyotuma ni PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu na watoto chini ya miaka 13, haina neno

Shangazi: Kaka hiyo PG-13 ya Marekani lile tusi kubwa wanaliachia mara moja, likizidi ndo kwa kawaida inapandishwa R, ile ya chini ya miaka 17 lazima awe na mkubwa. Mara moja inatosha kutuumbua

Baba Mdogo: rimoti nishike mimi 😂

Baba Mkubwa: Sasa jambazi kapigwa risasi unataka aseme nini, "ala"? Filamu za hivyo hata siziamini

Baba Mdogo: "masalale, nimetobolewa" 😂😂😂

Shangazi: Niko siriasi! Uingereza kwenye TV matusi makali ni mpaka saa 3 usiku ipite, wenye lugha yao wanachunga sembuse sisi

Mimi: Shangazi mi naona wakiweka ile piiii ndo mbaya zaidi, wa kwangu lazima aulize kwa sauti "hapo kasema nini"

Baba Mkubwa: Dada sema ukweli, tatizo si PG-13, ni ile siku ya wakwe hujanisamehe. Nani aliniambia chagua yoyote?

Shangazi: Nilikwambia UIKAGUE KWANZA. Wageni wameketi pale, mama akainuka akaenda zake chumbani, leo unaniuliza mimi?

Bibi: Wanangu. Matusi nimeyasikia kabla hamjazaliwa. Siku ile sikuinuka kwa ajili ya filamu. Niliinuka kwa mliyoambiana nyie wawili mbele ya wageni.

Baba Mkubwa: Tumesikia mama

Shangazi: Samahani mama 🙏

Binamu: Ndo naona meseji saa hizi, kwani kuna nini Jumamosi?

Shangazi: Panda juu usome. Kaka basi ikague wewe leo, yote mpaka mwisho usirukeruke

Baba Mkubwa: Nimeanza. Dakika ya kumi limeshatoka moja, ila dogo

Shangazi: Dogo lipi? Liandike hapa tulipime

Baba Mdogo: Kaka usiandike!! Mama yumo humu