Tupeane uzoefu: sisi tuliobaki na Georgetown, mnaponaje?

Mpwa wa Chang'ombe
Wakuu, habari za jioni. Leo kazini kuna dogo kaniona na koti langu la Georgetown akaniuliza, tena kwa adabu kabisa, kama hicho chuo bado kinacheza kikapu. Hakuwa ananitania. Dogo mwenyewe hajafikisha miaka ishirini, kwake yeye hilo ni koti tu la rangi ya bluu na kijivu. Nimerudi nyumbani hata kula sijala.

Nikaona nifungue uzi. Wale wa Washington, Maryland, Virginia na popote mlipo, mliokuwepo timu ilipofika Nne Bora, yaani nusu fainali ya taifa ya vyuo, 2007 na bado mkabaki mpaka msimu wa 2021/22, tulipocheza mechi 19 za Big East, ligi yetu, tukafungwa zote 19, mliwezaje? Mimi mwaka ule nilikuwa naenda ukumbini. Unashuka Metro pale Gallery Place, unapanda ngazi, mlanguzi wa tiketi anakutajia bei ya soda na bado anakutazama kwa huruma. Sina swali la kitaalamu. Nataka kujua wenzangu mnaishije.

Kiroboto wa Silver Spring
Kwa jeuri, mkuu.

Mama Naima
Na panadol.

Mzaramo Mrefu
Mtanzania mzima unalilia Georgetown wakati Hasheem Thabeet alicheza UConn, chuo cha Connecticut? Mtoto wa Dar, akachukuliwa wa pili NBA mwaka 2009, kabla ya Harden, kabla ya Curry. Nyie mlikuwa mnashangilia timu ambayo yeye alikuwa anaifuta mipira hewani. UConn wana makombe sita ya taifa, mawili ni ya juzi tu, 2023 na 2024. Hameni, milango iko wazi.

Mpwa wa Chang'ombe
Na 2018 ulikuwa wapi, mlipomfukuza kocha wenu Kevin Ollie baada ya kushinda 14 na kufungwa 18? Wengi wenu mmeibuka na Hurley, kocha aliyemfuata.

Mzaramo Mrefu
Nilikuwepo. Nilikuwa nimenyamaza tu.

Mzee wa Takoma
Vijana, shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa. Mimi nilikuja mji huu miaka ya themanini, nikaosha vyombo kwenye mgahawa mmoja pale M Street. Wapishi wenzangu, weusi wa hapa, hawakuwa wamesoma Georgetown na wala hawakuwa na mtoto pale. Lakini timu ilikuwa yao kwa sababu ya John Thompson, yule jitu na taulo lake begani. 1984 akawa kocha wa kwanza mweusi kuchukua ubingwa wa taifa wa daraja la kwanza, akiifunga Houston ya Olajuwon 84-75. Siku hiyo jikoni hakikuoshwa kitu.

Ila kilichonifunga mimi si kombe. Ni Januari 1989. Chama cha michezo ya vyuo kilikuwa kimepitisha kanuni ya kuwanyima ufadhili vijana wasiofikisha alama fulani za mtihani, na kila mtu alijua watakaoumia ni vijana wa aina gani. Thompson akatoka uwanjani kabla mechi ya Boston College haijaanza, akaenda zake. Tukayasikia hayo redioni. Mpishi mkuu akazima jiko, akasema huyu hata akifungwa mwaka mzima ni wangu. Nami nikasema hivyohivyo. Kwa hiyo mkiniuliza habari ya 19 kwa 19, mimi nilishaapa zamani.

Mama Naima
Shikamoo mzee.

Mwalimu wa Hesabu
Shikamoo mzee, na heshima zote kwa Thompson. Lakini tuseme ukweli. Kuanzia 1972 mpaka 2023 kiti cha kocha hakikutoka ndani ya nyumba ile. Mzee Thompson, kisha msaidizi wake Esherick, kisha mtoto wa mzee, Thompson wa Tatu, kisha Ewing aliyechezea mzee. Hii ni timu au shamba la urithi? Ewing kamaliza na ushindi 75 na vipigo 109. Msiniambie ni bahati mbaya.

Kiroboto wa Silver Spring
Shamba hilo la urithi ndilo lililotufikisha Nne Bora 2007.

Mwalimu wa Hesabu
Na kwa Florida Gulf Coast 2013.

Fundi Saa
Umelitaja. Nilikuwa nimejiapiza kutolitaja hilo jina mpaka naingia kaburini, lakini sawa, tukae.

Machi 2013, Ijumaa. Sisi tumepangwa namba mbili kwa ubora, wao namba kumi na tano. Chuo ambacho kilianza kufundisha 1997! Mimi nina soksi za zamani kuliko kile chuo. Mechi iko Philadelphia, tukajipakia gari moja, sisi wanne, sufuria la pilau kwenye buti kwa ajili ya kusherehekea tukiwa njiani kurudi. Mmoja wetu wala hapendi kikapu, alikuja kwa ajili ya pilau.

Kipindi cha kwanza nikasema vijana wetu wanapasha. Kipindi cha pili yule Comer wao anarusha mpira juu kama anautupa, unasema umepotea huo, kumbe Fieler yuko hewani anaudaka na kuuchomeka. Unajua ukumbi ambao nusu yake hawana timu? Wote waligeuka. Watu waliokuja kuangalia timu zao wakasimama kuwashangilia hawa. Kuna baba mmoja mbele yangu alinigeukia akaniambia pole kabla hata mechi haijaisha, na nilimchukia kwa hilo. 78-68.

Tukarudi na I-95 redio imezimwa. Tumefika karibu na Baltimore, yule asiyependa kikapu anauliza, "Kwa hiyo tunacheza tena lini?" Hakuna aliyemjibu. Pilau ililiwa na majirani kesho yake. Na kumbukeni 2008 tulikuwa namba mbili vilevile, akatutoa Curry na Davidson yake. Ewing hakuwepo mara zote mbili. Kwa hiyo mkimaliza kumsulubu, bakizeni misumari.

Mama Naima
Bakizeni misumari 😂😂

Wambui wa Laurel
Nakubaliana na Fundi. Mnamlaumu Ewing kama vile hamkuona mambo yalivyobadilika. Wachezaji wanahama: Akinjo aliondoka katikati ya msimu. McClung akaenda Texas Tech, baadaye mkamwona anabeba mataji ya kudanki NBA. Wahab akahamia Maryland, hapa tu kwa jirani, mwaka mmoja akarudi. Na tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, kwa hivyo chuo kisicho na wafadhili wa kuchanga kinaachwa. Hata kocha malaika angeumia.

Mwalimu wa Hesabu
Dada Wambui, wenzake wote walikuwa na kanuni hizohizo. Tatizo ni kumpa mtu timu kwa sababu picha yake iko ukutani. St. John's walimpa Mullin, akaondoka 2019. Michigan walimpa Juwan Howard, akaishia kushinda 8 na kufungwa 24, wakamfukuza 2024. Ollie tumeshamtaja.

Mzaramo Mrefu
Ollie alileta kombe la 2014, usimchanganye na hao.

Mwalimu wa Hesabu
Na ndicho ninachosema. Kombe linaweza kukupofusha. Sisi kombe la Big East la 2021 ndilo lililotuponza. Tuliingia mashindano tukiwa namba nane, tukaifunga Villanova 72-71 kwa mitupo huru ya Dante Harris, mwishoni tukaitandika Creighton 73-48. Tukalia kwa furaha. Bila usiku ule, mjadala wa kocha ungeisha mapema na ile 19 kwa 19 tusingeiona.

Mke wa Mhoya
Mmeutaja usiku wa Creighton, basi ngoja niseme.

Machi 13, 2021, Jumamosi, ndiyo siku upande wa mume wangu walikuja kwetu Hyattsville kuleta posa. Korona bado ipo, kwa hiyo watu wachache, barakoa, viti vimeachana. Sisi ni Wakurya wa Tarime, na mjomba wangu hana utani na mahari, alikuja na kaunta buku. Mshenga wao ni rafiki wa mume wangu, Mhoya wa damu, yaani shabiki wa Hoyas, timu yetu ya Georgetown. Mechi imeanza saa kumi na mbili na nusu jioni, wazee wakafungua mazungumzo saa moja. Mshenga kaweka kisikizi kwenye sikio la upande wa ukutani, kofia imefunika.

Salamu zikapita, ukoo ukatajwa mpaka babu wa babu, soda zikanyweka. Ndipo mjomba akasimama: "Haya wageni, mmekuja na nini?" Kimya. Mshenga kainamisha kichwa, tukadhani ni heshima. Mara kanyanyuka mikono juu: "Sabini na tatu kwa arobaini na nane!"

Mjomba akavua miwani. "Sabini na tatu?" Mshenga hajui hata anaulizwa nini, akajibu, "Ndiyo mzee, tumemaliza kazi!" Baba mkwe wangu akapaliwa mpaka akaletewa maji. Mjomba akaandika. Nawaapia, akaandika: ng'ombe 73, mbuzi 48, akampa shangazi daftari aweke sahihi kama shahidi. Mimi niko jikoni na akina mama, nasikia vigelegele vya upande wetu. Upande wa pili hata kikohozi hakuna tena.

Kiroboto wa Silver Spring
SABINI NA TATU 😭😭😭

Mzaramo Mrefu
Hii nimeipenda kuliko makombe yetu yote sita.

Mama Naima
Dada usituache hapo! Walilipa?

Mwalimu wa Hesabu
Hizo ni pointi si ng'ombe, makubaliano hayo ni batili. Pande mbili hazikuwa zinazungumzia kitu kimoja.

Mzee wa Takoma
Mwalimu, kwa mila neno la mshenga likishatoka limetoka. Aliulizwa mara mbili akathibitisha.

Wambui wa Laurel
Alikuwa na barakoa. Nani alimsikia vizuri? Mimi ningekata rufaa.

Fundi Saa
Anayetaja idadi mbele ya Mkurya mwenye daftari asije na habari za barakoa.

Mke wa Mhoya
Zilipigwa simu nyingi sana kwenda Tarime. Tulimalizana kwa kiasi ambacho sikitaji hapa, maana mjomba siku hizi anasoma mitandao. Kilichobaki yeye anakiita "deni la Creighton". Na msimu uliofuata, kila Georgetown ikifungwa alikuwa ananipigia kuuliza kama sasa mshenga ana nafasi ya kuongea. Hebu fikirieni zile simu zilikuwa ngapi.

Mpwa wa Chang'ombe
Wakuu, uzi ulikuwa wa kikapu.

Kiroboto wa Silver Spring
Uzi sasa ni wa mifugo. Mbuzi 48 wameliwa au wapo?

Mtoto wa Bukavu
Mimi niko Mukongo, munisamehe kama Kiswahili yangu haiko kama yenu. Munasema Hasheem, munasema Ewing, na Mutombo munamuacha wapi? Alifika Georgetown kwa kusoma udaktari, hakukuja kwa mpira. Thompson ndiye alimuita. Na masomo alimaliza, kisha akajenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Mtoto wake Ryan alivaa jezi ileile wakati tulikuwa tunapigwa kila siku, alianza na Ewing, akabaki mwaka wa kwanza wa Cooley, kocha aliyemfuata Ewing, ile ya kushinda 9 na kufungwa 23. Alihama kisha. Mutombo amekufa Septemba 2024. Mimi siwezi kuacha hii timu. Makocha, mubishane nyinyi.

Mzee wa Takoma
Umesema, ndugu yangu.

Wambui wa Laurel
Kwa wanaoumia: wacheni kuangalia mubashara. Soma matokeo asubuhi, kama mmeshinda ndio utafute marudio.

Fundi Saa
Usimsikilize. Angalia yote, ila zima sauti. Watangazaji ndio wanaoua.

Mama Naima
Mimi namwachia mume wangu remote naenda kukunja nguo. Nikisikia ametukana kwa Kiswahili najua tunaongoza na tumeanza kupoteza. Akitukana kwa Kiingereza, imeisha.

Mzaramo Mrefu
Au hameni.

Mpwa wa Chang'ombe
Wewe tulishakujibu.

Mwalimu wa Hesabu
Kwa Cooley mimi niko radhi kusubiri. Ametoka nje ya familia, ametoka Providence, ameacha nyumbani kwao kabisa wakamzomea aliporudi. 2024/25 tumeshinda 18, tukafungwa 16, na hapo mchezaji wetu Sorber aliumia mguu Februari. Angebaki mzima yule, tungesema mengine.

Kiroboto wa Silver Spring
Ewing ulimpa misimu mingapi kabla ya kuanza kuhesabu urithi? Kumi na nane kwa kumi na sita na tayari umeshalainika.

Mwalimu wa Hesabu
Sijalainika. Nimesema nasubiri.

Kiroboto wa Silver Spring
Ndivyo tulivyoanza na wote.

Msela wa Karume
Wakuu, mimi niko Dar. Nilinunua sweta ya mitumba pale Karume imeandikwa HOYAS, nikadhani ni jina la kampuni. Nikagugo, nikaanza kufuatilia, sasa naamka saa tisa usiku kuangalia watu wanapoteza mipira. Mama anafikiri nasali. Swali: nimechelewa kujitoa?

Fundi Saa
Umeshaivaa?

Msela wa Karume
Mara nyingi.

Fundi Saa
Basi karibu.

Mpwa wa Chang'ombe
Nina tiketi mbili za Jumamosi, tunacheza na DePaul. Natoa bure, anayekuja aje na chapati.

Mama Naima
DePaul ndio tuliowafunga Januari 2023 tukakata ule mkosi wa vipigo 29 vya ligi. Mimi nakuja. Chapati ngapi?

Kiroboto wa Silver Spring
Sabini na tatu.