Sumaku za tesla 7 na kuendelea: fedha za umma zizidi kwenda huko?

Mleta mada:
Wadau, MRI nyingi za hospitali (mashine za kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ni za tesla 1.5 au 3; tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Ufaransa imejenga ya tesla 11.7 pale Saclay, karibu na Paris: sumaku ya tani 132, iliyotoa picha zake za kwanza za ubongo wa binadamu Aprili 2024. Uholanzi nayo imetenga fedha za tesla 14, Nijmegen. Kila bajeti ya namna hii ikitetewa, spektroskopia haikosi kutajwa: mashine ile ile ya MRI, ila inapima kemikali zilizomo ndani ya ubongo bila sindano wala mionzi. Inaona NAA ya seli za neva, kolini, kreatini, na laktati inayopanda oksijeni ikikosekana.

Mimi napinga. Nionyesheni mgonjwa aliyenufaika. Vichanga waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa: utafiti wa Uingereza na Marekani uliotoka 2019 ulipima NAA kwenye thalamasi, sehemu ya ndani katikati ya ubongo, ukabashiri vizuri sana nani atabaki na ulemavu. Mashine zilikuwa tesla 3. Uvimbe wa ubongo wenye mabadiliko ya jeni ya IDH hutoa kemikali iitwayo 2-haidroksiglutarati. Kufikia 2012 ilishapimwa kwa wagonjwa, tesla 3 tena. Marekani ilipoidhinisha mashine ya kwanza ya tesla 7 kwa matibabu, Oktoba 2017, kibali kilitaka mgonjwa azidi kama kilo 30. Kichanga hayumo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Kila kemikali huonekana kama kilele kwenye grafu ya kipimo; NAA ndiyo kilele kirefu kuliko vyote, hata sumaku ya kawaida inakiona. Njoo kwenye glutamati na glutamini. Kwenye tesla 3 vilele vyao vinalaliana, watu wanavijumlisha na kuandika "Glx". Sasa glutamati ni ya mawasiliano ya neva, na glutamini hupanda ini likishindwa kuondoa amonia. Ukizijumlisha umepima nini? Tesla 7 inazitenganisha. GABA nayo, kemikali inayotuliza neva, ni kidogo mno, kama milimoli 1 kwa lita, tena imejificha chini ya kreatini.

Mleta mada:
Glutamini nakuachia. Ila usihesabu faida ya sumaku bila kuhesabu hasara zake. Kwenye tesla 7 mawimbi ya redio yanafika karibu megahezi 300, urefu wa wimbi ndani ya tishu unakuwa mfupi kuliko kichwa chenyewe, sehemu moja inapata nguvu nyingi na nyingine inapunjwa. Joto la tishu linakubana, huwezi kurusha mawimbi utakavyo. Vilele vinapanuka. Kisanduku, yaani kipande cha ubongo unachodhani umepimia NAA, hakikai palepale na cha laktati. Juu ya hayo, kila kituo kina programu yake ya kukokotoa, namba zao haziwekwi meza moja.

Mchangiaji wa pili:
Naomba niwahi kabla hamjatuingiza Afrika Mashariki kama fimbo ya kuchapana. Mwaka 2022 Mbarara, Uganda, iliunganishwa palepale chuoni MRI ya tesla 0.05 hivi, kwa kuwalenga watoto wenye vichwa vikubwa vya kujaa maji. Spektroskopia ya ubongo haiwezi, ishara za kemikali zinasongamana mno kwenye sumaku dhaifu hivyo. Daktari wa upasuaji anachotaka kuona ni maji, na maji yanaonekana. Tusidanganyane kwamba Saclay ingeachwa, fedha zingekuja Mbarara.

Mleta mada:
Sikusema zingekuja. Nataka sharti moja kabla ya sumaku nyingine kununuliwa: wagonjwa walewale wapimwe tesla 3 na tesla 7, kwenye vituo kadhaa, na madaktari waseme matibabu ya nani yalibadilika.

Mchangiaji wa kwanza:
Sharti zuri, nalikubali. Lakini ili lipimwe, mkuu, hizo tesla 7 lazima ziwepo kwenye vituo kadhaa. Nani atazinunua?