Tupeane uzoefu: Kisu cha kukunja mnakibebaje bila kumaliza suruali?

Mjukuu wa Gungu
Wakuu salaam. Jana nimetoka Mwandiga na bodaboda, nafika Mwanga, hapa hapa Kigoma, natia mkono mfukoni nitoe nauli, nashika paja langu mwenyewe. Mfuko umeisha. Buku tatu zimekwenda, funguo wa geto umekwenda, kilichobaki ni kisu, kimenasa kwa pete yake kwenye nyuzi za mshono.

Kisu chenyewe ni cha marehemu baba. Mpini wa mbao una miezi na nyota, mgongoni kina pete, na ukikifungua kinalia tra-tra-tra. Mzee alitembea nacho maisha yake yote na sikuwahi kuona suruali yake imetoboka. Mimi hii ni ya tatu tangu mfungo uishe. Kisu hakina kosa, kosa ni la hizi suruali za mtumba, mfuko mwepesi kama chandarua. Kukiacha nyumbani siwezi, ndicho cha kufungulia magunia, cha kukatia kamba, cha kumenyea embe. Nyie vyenu mnabebaje?

Mgebuka Mkavu
Mfuko wa kulia, mbele. Mwisho wa uzi.

Reli ya Kati
Mfuko wa kulia si ndio wa simu? Weka pamoja uone kioo utanunua mara ngapi kwa mwaka.

Mgebuka Mkavu
Simu mfuko wa kushoto. Hivi hata hili linataka mjadala?

Mwana wa Mizinga
Mwangaluka. Huku Sikonge tukiingia porini kurina, cha kukunja hakikai mfukoni hata kidogo. Asali ikigusa ile bawaba basi, utakifungua kwa koleo. Mimi kinakaa kwenye mkoba, ndani ya kipande cha soksi. Msicheke, soksi inanyonya jasho na kisu hakichubui kitu. Nikirudi nyumbani, maji ya moto, nafuta, tone la mafuta.

Bi Mkubwa Ujiji
Wanangu, baba yangu alikuwa anavaa msuli na kisu kilikaa kibindoni, pamoja na hela na tumbaku yake. Anaukunja msuli mara mbili, anakilaza kisu, anaukunja tena. Anaenda shamba la michikichi, anarudi, kisu kiko palepale. Mifuko mnayolia nayo hakuwa nayo.

Reli ya Kati
Shangazi, sasa mimi niende kazini na msuli?

Bi Mkubwa Ujiji
Kwani kazini hawajui msuli?

Mtoto wa Kasulu
Dawa ni jaketi, mfuko wa ndani wenye zipu. Kisu hukisikii, hakitoki, hakuna anayekiona. Au jinzi zile zenye mfuko wa zipu pajani.

Usiku wa Kibirizi
Nilikuwa napita tu, lakini hapo kwenye zipu umenigusa penyewe.

Tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu, tumetoka kutega. Giza, mawimbi ya kawaida, yale ya kuutikisa mtumbwi bila kukutia hofu. Yeye yuko kwenye kasia, mimi namwaga wavu. Natupa jiwe, kamba inakwenda mbio, mara naisikia imenishika kifundo cha mguu. Kabla sijaita niko majini. Bahati nikadaka ukingo wa mtumbwi kwa mkono wa kushoto. Ziwa letu Tanganyika mnalijua, linafika mita 1,470 kwenda chini, na jiwe halina haraka ya kugota.

Kisu ninacho. Kipo mfuko wa zipu wa jinzi, juu yake sweta, juu yake koti la mvua. Mkono wa kulia unapita kwenye koti, unapita kwenye sweta, unafika. Nakigusa kwa juu ya kitambaa, nakijua kabisa, huu mpini, hapa ndipo kinapokunjikia. Zipu imeuma kitambaa. Jinzi limelowa limekuwa kama ngozi yangu ya pili. Nikaanza kucheka. Mpaka leo sijui nilikuwa nacheka nini.

Kaka yangu chake kilikuwa shingoni, kwenye uzi. Mkono mmoja kanishika kola, kwa hiyo akakifungua kwa meno. Akainama, nikasikia kamba imeachia, mguu ukawa mwepesi. Wavu ukaenda. Ulikuwa wa mkopo. Jino lake la mbele lilimeguka pembeni, akicheka utaliona.

Sasa mtu asinieleze habari za kisu ambacho hukisikii.

Mgebuka Mkavu
Daah.

Mjukuu wa Gungu
Pole sana kaka. Naona suruali zangu tatu si kitu.

Mtoto wa Kasulu
Mkuu pole, ila mimi niko dukani, si ziwani. Dukani zipu inafaa.

Reli ya Kati
Wavu mlilipaje?

Usiku wa Kibirizi
Kidogokidogo, kwa dagaa. Tulimaliza mwaka jana.

Bodaboda Mstaarabu
Shingoni mimi siungi mkono. Ukidondoka na pikipiki, uzi wa nailoni ukanasa kwenye usukani, utakunyonga. Halafu kisu kinakaa kifuani, ukilala kifudifudi je?

Usiku wa Kibirizi
Nani kasema nailoni? Wa pamba. Ukivutwa kwa nguvu unakatika. Hivyo ndivyo anavyovaa.

Bodaboda Mstaarabu
Hukusema mwanzo.

Usiku wa Kibirizi
Nilikuwa nasimulia nilivyotaka kufa, samahani nimesahau aina ya uzi.

Mwalimu Mstaafu Urambo
Hicho cha mleta mada kwa maelezo yake ni Okapi. Vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, vikilengwa kwa makoloni ya Mjerumani Afrika, na sisi tukiwemo. Siku hizi vinatengenezwa Afrika Kusini. Reli yenyewe ilifika Kigoma mwaka 1914.

Mgebuka Mkavu
Mwalimu shikamoo. Mfuko gani sasa?

Mwalimu Mstaafu Urambo
Marahaba. Wa shati.

Fundi wa Isevya
Wa shati hapana mwalimu, ukiinama kinaingia kwenye ndoo. Mleta mada, mimi nashona. Chukua kipande cha jinzi chakavu, mwambie fundi akushonee mfuko mwembamba ndani ya mfuko, upande wa mshono wa nje. Upana vidole vitatu, kina kifupi kidogo kuliko kisu, ili pete ichungulie uivute kwa kidole kimoja. Kisu kisimame, kisilale. Na upande unakotokea ubapa uelekee kwenye mshono, kikitaka kujifungua kinagonga ukuta. Vile visivyo na pete wala kufuli, vinavyoshikwa na springi tu, hili ndilo la kuangalia sana. Nimeshashona suruali ya abiria wa treni aliyepanda kitanda cha juu na kisu kimefunguka mfukoni. Niliishona ikiwa na damu.

Mtoto wa Kasulu
Paja lilishonwa na nani?

Fundi wa Isevya
Si mimi.

Mwana wa Mizinga
Na msipake mawese kwenye bawaba, nimeona watu wa mwisho wa reli mnafanya hivyo. Yanaganda, yanakusanya vumbi. Mafuta ya cherehani.

Bi Mkubwa Ujiji
Mawese yameshakukosea nini wewe? Baba yangu alipaka mawese.

Mwana wa Mizinga
Shangazi yaishe.

Mjukuu wa Gungu
Mrejesho: fundi wa hapa kaniomba elfu mbili, kashona kama alivyoelekeza wa Isevya. Nimekaa kwenye bodaboda mpaka Ujiji na kurudi, pete hainichomi. Kaka wa Kibirizi, nimefanya mazoezi ya kukitoa kwa mkono wa kulia tu, nimelowesha suruali kwanza. Mke wangu kaniuliza kama niko sawa.

Usiku wa Kibirizi
Jaribu na wa kushoto.

Reli ya Kati
Na kaka yako bado anavaa chake shingoni?

Usiku wa Kibirizi
Hadi kwenye harusi yake. Kilikuwa chini ya tai.