Natumia dawa ya kutoa maji mwilini, na kazini choo ni kwa kadi. Nifanyeje?

FundiOvaloki:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za majukumu.

Nashona kwenye kiwanda cha nguo hapa Dar, jina naliacha maana mshahara wa mwezi huu bado nautaka. Laini yetu ina watu 42, kadi za choo ni mbili: vibao vimetobolewa, vimefungwa kamba ya kiatu, vinaning'inia kwenye msumari mezani kwa msimamizi. Huna kadi, huinuki.

Miaka yote haikunisumbua. Mwezi wa tatu daktari akaniambia moyo umetanuka, akanianzishia furosemaidi kila asubuhi. Aliyewahi kuimeza ananielewa. Nameza saa 11 na nusu, saa 1 naingia kazini, na hadi saa 4 nimeshaomba kadi mara nne.

Jumanne iliyopita kadi zote zilikuwa nje. Msimamizi akasema, "Maliza kwanza hilo bando." Bando ni mifuko 30 ya suruali. Niliishia wa 19. Dada wa mashine ya nyuma akavuta kanga aliyokuwa ameikalia, akanifunga kiunoni, hakusema neno. Nikashona hivyo hivyo mpaka saa ya chakula.

Sasa maji nakunywa kidogo sana, na kichwa kinazunguka. Cheti nilipeleka utumishi, wakanijibu wakinipa mimi ruhusa kesho laini nzima italeta vyeti. Halafu wanatishia kunikata pesa kwa "muda uliopotea". Nianzie wapi bila kufukuzwa?

NesiWaZamu:
Pole sana dada. Usijinyime maji kienyeji, wala dawa usiiruke. Mgonjwa wa moyo kiasi cha maji anapangiwa na daktari wake. Hiyo dawa huanza ndani ya saa moja na nguvu yake huisha kama baada ya muda wa saa sita tangu uimeze. Muulize daktari kama unaweza kuimeza mchana ukitoka kazini, wapo wanaopangiwa hivyo. Usihamishe muda mwenyewe. Na hicho kizunguzungu mwambie, wapime figo na potasiamu.

FundiOvaloki:
Asante nesi. Niliwahi kuwaza kuimeza saa 10 alfajiri, lakini natokea Gongo la Mboto. Ingenikamata nimesimama kwenye daladala pale Tazara.

Mkorofi_Tu:
Si uvae pampasi tu, maisha yaendelee.

TawiLaZamani:
Mkorofi, za watu wazima utamnunulia wewe?

Dada, mimi nilikuwa kiongozi wa tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kiwandani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi, ulemavu ukiwemo, lakini ukianza na hicho mtabishana mwaka mzima kama moyo wako ni ulemavu. Anza na karatasi. Rudi kwa daktari, cheti kisiseme "anaumwa", kiseme "aruhusiwe kwenda chooni kila anapohitaji, hasa saa 1 hadi saa 5". Barua nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Na uwape njia: wakuhamishie mashine ya mwisho karibu na mlango, na mshonaji wa akiba akae kwenye kiti chako ukitoka. Wao hawaogopi choo, wanaogopa bando kukwama.

Kukatwa mshahara kuna kifungu cha 28: lazima sheria iruhusu au uwe umekubali kwa maandishi. Kwa hiyo usisaini kitu hujakisoma. Wakikufukuza, kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni ndani ya siku 30. Nimeona mtu kaenda na kesi nzuri, kachelewa, akaanza kuhangaika kuombea muda kabla hata hajasikilizwa.

FundiOvaloki:
Mrejesho, wakuu. Daktari kanihamishia dawa saa 9 alasiri, nikishatoka. Usiku naamka mara moja, si mbaya. Barua niliipeleka na mtu wa tawi, utumishi safari hii walinipa kiti. Mashine ya mlangoni nimepata. Mshonaji wa akiba wamekataa.

Na nimetengenezewa kibao changu, jina limeandikwa kwa maka peni nyekundu, kila mtu anakiona. Jana binti wa laini ya pili, mjamzito, alikuja kukiazima. Nikampa.