Picha za ukutani zenye asili ya usanifu wa kimodenisti: picha ya jengo au mchoro wa maumbo?

MstariMnyoofu:
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Sebule yetu ina ukuta mweupe wenye upana wa mita 4, usio na dirisha wala rafu, na ningependa kuupamba kwa kazi za sanaa zilizotokana na usanifu wa kimodenisti, yaani ule wa karne ya 20 wa wasanifu majengo kama Le Corbusier na Mies van der Rohe, na wa shule ya sanaa ya Bauhaus ya Ujerumani. Kila ninapotafuta nakutana na aina mbili tu: picha za jengo mashuhuri zenye jina na mwaka kwa herufi kubwa chini yake, na michoro ya miduara na mistatili inayouzwa kwa jina la Bauhaus ingawa sioni uhusiano wake na jengo lolote. Mwenzangu anapendelea aina ya kwanza. Mimi hakuna iliyoniridhisha. Je, ipo njia nyingine? Na ukuta kama huu unafaa picha moja au nyingi?

RamaniNaRula:
Shaka yako kuhusu hiyo miduara ina msingi. Bauhaus ilifunguliwa mwaka 1919 na kufungwa 1933, lakini idara yake ya usanifu wa majengo ilianza mwaka 1927 tu. Maumbo mengi tunayoyahusisha nayo yalitoka katika uchoraji, ufumaji na uchapaji.

Njia ya tatu ipo, nayo ni michoro ya wasanifu wenyewe. Mwaka 1923 Waholanzi Theo van Doesburg, msanii, na Cornelis van Eesteren, msanifu majengo, walionyesha jijini Paris michoro ya nyumba iliyochorwa kwa aksonometria: kuta zimekuwa bapa za rangi zinazoelea kwenye weupe, zikitazamwa kutoka juu kwa mshazari, na mistari iliyo sambamba hubaki sambamba badala ya kukutana kwa mbali. Ndiyo maana michoro ya aina hii hutulia ukutani, ilhali picha yenye kina cha kawaida hufanya ukuta uonekane kana kwamba umetobolewa. Nyumba ya Schröder iliyobuniwa na Gerrit Rietveld mjini Utrecht, mwaka 1924, ina fikra hiyohiyo kwa nyekundu, bluu na manjano juu ya nyeupe, kijivu na nyeusi.

Ukitaka utulivu zaidi, chukua ramani ya banda la maonyesho ambalo Mies alilibuni mjini Barcelona mwaka 1929. Kuta zake ni mistari inayopitana bila kufunga chumba, na nguzo 8 ni vijialama vya msalaba. Hata asiyejua kusoma ramani ataitazama kama mchoro uliokamilika.

KivuliChaZege:
Naomba kutofautiana na ndugu RamaniNaRula. Ramani huacha nje vitu viwili ambavyo usanifu huo ulivitegemea mno, mwanga na mata, yaani vifaa vyenyewe vya ujenzi. Lucien Hervé, mpiga picha aliyempigia Le Corbusier picha za majengo yake kuanzia mwaka 1949, alikuwa akizikata picha zake kwa mkasi mpaka jengo zima libaki pembe moja, kivuli kimoja na anga kidogo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo picha ya jengo inayostahili ukuta: sehemu, si jengo zima, kwa rangi nyeusi na nyeupe, ikionyesha hata alama za mbao zilizolishikilia zege lilipokuwa bichi. Jina lililoandikwa chini liondolewe, kwa sababu mtazamaji akishalisoma huona amemaliza kutazama.

Kuhusu idadi, ningeweka moja kubwa. Ikiwa kuna kochi chini yake, upana wa takribani theluthi mbili za kochi unatosha, na kitovu cha picha kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni.

RangiTupu:
Ongezo fupi. Mwaka 1931 Le Corbusier aliandaa rangi 43 kwa ajili ya karatasi za ukutani, na mwaka 1959 akaongeza 20, akiamini kwamba rangi inaweza kuusogeza ukuta mbele au kuurudisha nyuma. Kabla ya kununua chochote, fikirieni kupaka mstatili mmoja wa rangi tulivu ukutani na kuweka mchoro mdogo ndani yake. Ukuta ukitazamana na dirisha, epukeni kioo kinachong'aa, na jua la moja kwa moja litafifisha wino.

MstariMnyoofu:
Nawashukuru nyote. Tumekubaliana kuanza na ramani ya banda la Barcelona, moja tu, kwa upana wa sentimita 140; mwenzangu amepata jengo lake na mimi nimepata mistari yangu. Je, nikuze ile iliyochapwa kitabuni?

RamaniNaRula:
Usiikuze. Mistari itanenepa pamoja na karatasi na kingo zake zitachakaa, ilhali uzuri wa ramani hiyo upo katika wembamba wa kuta zake. Ni afadhali ichorwe upya kwenye kompyuta kwa vipimo vyake, unene wa mistari uchaguliwe kulingana na ukubwa wa karatasi, kisha ichapwe kwenye karatasi isiyong'aa. Acha pambizo nyeupe pana pande zote, na fremu iwe nyembamba.