Mjadala: Kikosi cha triathloni cha Olimpiki kiteuliwe kwa matokeo au kwa hiari ya kamati?

Mleta mada

Wadau, kila Olimpiki zikikaribia watu hufungua jedwali la viwango vya dunia na kuanza kutabiri nani ataitwa. Kwenye triathloni (kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kukimbia 10, vyote kwa mkupuo mmoja) jedwali hilo linapotosha. Paris 2024 nafasi zilikuwa 55 kwa wanaume na 55 kwa wanawake kwa dunia nzima, na nchi haikuruhusiwa zaidi ya watu watatu kwa kila jinsia. Nafasi yenyewe ni mali ya nchi. Mtu anaweza kuhangaika msimu mzima kukusanya pointi, nchi ikapata nafasi, halafu kamati ikampa mwenzake.

Chukueni wanawake wa Marekani kuelekea Tokyo. Summer Rappaport alijihakikishia safari mapema, Agosti 2019, alipomaliza wa tano kwenye mashindano ya majaribio kulekule Tokyo. Mei 2021 Taylor Knibb akashinda mashindano ya Yokohama, Japani, naye akaingia. Ikabaki nafasi moja. Taylor Spivey alikuwa na matokeo ya kuaminika, msimu baada ya msimu. Katie Zaferes alikuwa bingwa wa dunia wa 2019, lakini mwaka 2021 alikuwa amefiwa na baba yake, na Yokohama alimaliza mbali sana na walioongoza. Aliyetabiri kwa kuangalia fomu angemwandika Spivey. Kamati ikamchukua Zaferes. Akarudi na shaba ya mtu mmoja mmoja na fedha ya mbio za kupokezana.

Msimamo wangu: kamati iachiwe hiari, hasa tangu mbio za kupokezana za timu mchanganyiko zilipoingia Olimpiki huko Tokyo. Ni wanaume wawili na wanawake wawili, kila mmoja anaogelea mita 300, anaendesha baiskeli chini ya kilomita nane, anakimbia kama mbili, anamgusa mwenzake. Huo ni mchezo mwingine. Bingwa wa masafa kamili anaweza kuachwa hapo ndani ya dakika tano za kwanza. Karibuni.

Mdau wa Eldoret

Mkuu, naomba kutofautiana. Medali ya Zaferes haithibitishi kwamba kamati ilikuwa sahihi, kwa sababu hatukumwona Spivey akikimbia siku ile.

Sisi huku hadithi ya hiari ya kamati tunaijua. Mwaka 2011 Mkenya mwenzetu Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2:03:02. Hakuna binadamu aliyekuwa amekwenda kasi hiyo kwenye marathoni, ingawa njia ya Boston haikubaliki kwa rekodi. Akaenda New York akashinda kwa 2:05:06, rekodi ya njia. Patrick Makau, Mkenya pia, naye akaweka rekodi ya dunia Berlin mwaka huohuo, 2:03:38. Olimpiki ya London 2012 ikafika: wote wawili wakaachwa nyumbani. Na dhahabu ikachukuliwa na nani? Stephen Kiprotich, jirani yetu wa Uganda. Wakimbiaji wote wapelekwe kwenye mchujo, watatu wa kwanza waende, basi. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Mdau wa Mombasa

Mdau wa Eldoret, umeisimulia nusu. Aprili 2012 Mutai aliacha mbio Boston kwa joto kali, na Makau akajitoa njiani London. Kamati ilitazama hilo. Wilson Kipsang alikuwa ameshinda London mwezi huohuo, akapata shaba ya Olimpiki. Abel Kirui, bingwa wa dunia wa 2009 na 2011, alipata fedha. Medali mbili kati ya tatu, halafu tunasema kamati ilikosea?

Halafu mchujo wa marathoni wiki chache kabla ya Olimpiki unamaliza miguu. Huo mtego wanaujua makocha wote, hata wanaoupigia debe.

Mdau wa Dar

Mimi swali langu ni jingine, na naona mnalikwepa. Uingereza 2012 kwenye triathloni ilimchukua Stuart Hayes kwa kazi moja: kuwavuta ndugu wawili, Alistair na Jonathan Brownlee, kwenye baiskeli, awakinge upepo, asiachie mtu atoroke. Tim Don, bingwa wa dunia wa 2006, akaachwa. Will Clarke akaachwa. Kwa wanawake wakamchukua Lucy Hall, binti wa miaka 20, amsaidie Helen Jenkins.

Matokeo? Alistair dhahabu, Jonathan shaba, tena huyu wa pili alitumikia adhabu ya sekunde 15 kwa kupanda baiskeli kabla ya mstari. Hayes alimaliza wa 37. Hall alitoka majini akiongoza, ila Jenkins akaishia wa tano. Rio 2016 wakarudia mtindo uleule na Gordon Benson, akaanguka na baiskeli, hakumaliza. Ndugu hao wawili wakachukua dhahabu na fedha bila yeye.

Kwa hiyo mtu anaacha mashindano yake kumtumikia mwenzake, na aliyemzidi anabaki nyumbani akitazama runinga. Hii ni haki?

Mleta mada

Mdau wa Dar, umegusa penyewe. Jibu langu: ni haki pale tu vigezo vilipoandikwa na kutangazwa kabla ya msimu kuanza. Kama nchi imesema wazi kwamba nafasi ya tatu inaweza kwenda kwa msaidizi, au kwa mtu wa mbio za kupokezana, Don alikuwa na nafasi ya kujipima mapema: ajifunze kuvuta kundi, au atafute kazi nyingine. Kigezo kikitungwa baada ya majina kujulikana, hapo nakuunga mkono, ni kubebana.

Ndiyo maana wanaotabiri vizuri husoma waraka wa uteuzi kwanza, viwango baadaye. Huangalia nani ameshajihakikishia, halafu wanauliza kikosi kinakosa nini: mwogeleaji wa kufungua mbio, au mmaliziaji mwenye kasi ya kilomita mbili za mwisho? Spivey mwenyewe aliitwa Paris 2024, akapata fedha ya kupokezana.

Mdau wa Eldoret

Sawa, vigezo vitangazwe. Lakini wataalamu wako wa kutabiri wangefanya nini na Tamirat Tola? Ethiopia ilimweka akiba kwa marathoni ya Paris, Sisay Lemma akaumia, Tola akaingia dakika za mwisho na kushinda kwa 2:06:26. Kamati ilikuwa na hiari yote duniani na bado ilimwacha nje bingwa wa Olimpiki. Mwenye hoja ya kuitetea kamati hiyo aje, tunamsubiri.