Prester John: alikuwepo, na waliomtafuta walisafiri vipi?

Msomaji wa Buruburu
Habarini wadau. Vijana wa jumuiya ndogo ndogo hapa Buruburu wanaandaa mada ya wamisionari wa kale. Kila wanapogeuka wanakutana na Prester John, padri aliyekuwa pia mfalme. Huyu anamweka Asia, yule Ethiopia. Alikuwepo kweli? Na waliotumwa huko walifikaje?

Karani wa Kale
Hakuwepo, ila uvumi ulikuwa na mzizi. Mwaka 1141, karibu na Samarkand, Yelü Dashi, mtawala wa dola ya Kara-Khitai ya Asia ya Kati, alimshinda Sultani Sanjar, mtawala Mwislamu. Habari ilipomfikia Papa mwaka 1145 kwa kinywa cha Askofu Hugh wa Jabala, mshindi alikuwa ameshageuzwa Mkristo wa Kinestori, yaani wa tawi moja la Ukristo wa Mashariki. Edessa, mji wa wapiganaji wa Msalaba, ulikuwa umetekwa na Waislamu 1144, kwa hiyo watu walikuwa na kiu ya mwokozi. Tena Wanestori walikuwepo kweli kule nyika za Asia, kati ya makabila ya Wakereiti na Waonguti. Ndipo ikazuka barua ya kughushi kwa jina la Prester John, na mwaka 1177 Papa Alexander III akamtuma tabibu wake Philip na barua kwa mfalme huyo.

Njia ya Hariri
Kwa safari, mchukueni Giovanni da Pian del Carpine, Mfransisko aliyeondoka Lyon Aprili 1245, ametumwa na Papa kwa Wamongolia. Kyiv aliambiwa awaache farasi wake: wale wa Wamongolia hufukua theluji kwa kwato wakapata nyasi, wake wangekufa njaa. Akapanda farasi wa vituo vya posta, akibadilisha hata mara saba kwa siku. Kwaresima nzima chakula kilikuwa uwele, maji na chumvi. Kinywaji, theluji iliyoyeyushwa sufuriani. Alifika kambi ya Wamongolia Julai 1246. Mtawala wao, Khan Güyük, akajibu kwamba Papa aje mwenyewe kusalimu amri.

Willem van Rubruck, Mfransisko mwingine aliyetoka 1253 kwenda kwa Wamongolia, aliangushwa na mkalimani asiyeweza kufasiri mambo ya imani. Hapo msipite haraka, maana lugha ndiyo iliyokwamisha kazi kuliko baridi.

Karani wa Kale
Na aliyelielewa hilo ni Giovanni da Montecorvino, mmisionari Mfransisko. Alifika Khanbaliq, Beijing ya leo, mwaka 1294, akajifunza lugha ya Watatari (ndivyo walivyoitwa Wamongolia) na kutafsiri Agano Jipya na Zaburi. Kufikia 1305 aliandika kwamba amebatiza watu wapatao 6,000. Alinunua pia watoto 40 wa miaka 7 hadi 11 na kuwafundisha Kilatini na nyimbo za ibada. Neno "alinunua" msiwafiche vijana.

Ethiopia iliingia katika uvumi wa Prester John karne ya 14, Asia ilipokosa mfalme wa namna hiyo. Ufalme wa Kikristo ulikuwepo huko, lakini jina Prester John halikuwa la Waethiopia. Wareno waliofika kwa Lebna Dengel, mfalme wa Ethiopia, mwaka 1520 bado walimwita hivyo.

Msomaji wa Buruburu
Asanteni sana. Na huyo Montecorvino alipata wasaidizi?

Njia ya Hariri
Papa Clement V alimtumia maaskofu saba mwaka 1307. Walifika watatu.